Wadudu wa Mavi ya Ng'ombe na Faida Yao kwa Wakazi wa Vanga

Haya ni maelezo yaliyoandaliwa kusomwa mbele ya wafugaji, wakulima na wavuvi wa Vanga. Yamechapishwa hapa kwa ukamilifu ili wakazi wa sehemu nyingine za Kaunti ya Kwale nao wapate kuyasoma.

 

Kila asubuhi mfugaji hufungua zizi, ng'ombe wakatoka, na njiani wakaacha mavi. Anayepita nyuma huinua leso au kanzu asijichafue, akaendelea na safari yake. Hakuna anayesimama kuangalia. Lakini katika tonge lile la mavi kunaanza kazi ambayo mfugaji hailipii hata shilingi moja, na ambayo ikisimama, hasara yake hufika zizini, shambani na hata jikoni.

Maelezo haya yanahusu wenye kufanya kazi hiyo: mbawakavu, mchwa, kuvu na viumbe wengine wanaoishi katika kinyesi cha wanyama. Yanahusu pia dawa zinazouzwa kila siku katika maduka ya dawa za mifugo, ambazo zikitumiwa bila mpango huwaua wafanyakazi hao. Na kwa kuwa Kwale imeingia katika historia ya utafiti wa malaria kupitia dawa moja kati ya hizo, jambo hili lina uzito wa pekee kwa wakazi wa kaunti hii.

Saa ya kwanza

Ng'ombe mmoja huacha mavi kiasi cha mara 10 hadi 12 kwa siku. Mwenye ng'ombe 20 basi ana matonge yapata 200 kila siku malishoni na zizini. Yote yangebaki yalipoanguka, baada ya mwaka mmoja majani yangekosa pa kuota.

Hayabaki kwa sababu wageni hufika mapema. Wa kwanza ni nzi. Hufika mavi yakiwa bado yana joto, na baadhi yao hutaga mayai hapo hapo, kabla ya juu kukauka na kufanya gamba. Mayai hupasuka baada ya muda mfupi, mabuu wakaanza kula.

Nyuma yao huja mbawakavu wa mavi, wale weusi wanaojulikana na kila mtoto aliyewahi kuchunga. Hawa wana namna tatu za kufanya kazi. Kuna wanaoviringisha: hukata donge, wakalifanya mviringo na kulisukuma kwa miguu ya nyuma hadi mahali pa kulizika. Kuna wanaochimba: huingia chini ya tonge lenyewe, wakatoboa mashimo na kuyashusha mavi ardhini kidogo kidogo. Na kuna wanaokaa ndani ya mavi bila kuhama, wakala na kuzaa humo humo. Wanaoviringisha na wanaochimba ndio wanaomfaa zaidi mkulima, kwa kuwa mbolea huzikwa mizizini, na yale mashimo hupitisha maji ya mvua na hewa.

Katika mwili wa mbawakavu hao hupanda abiria. Ni wadudu wadogo sana wa jamii ya utitiri, wasioweza kuruka. Humshika mbawakavu kama abiria anavyoshika matatu ya Lunga Lunga, na wakifika kwenye mavi mapya hushuka na kuanza kula mayai ya nzi.

Kuvu nazo hazikai nyuma. Iko moja huota juu ya mavi ikiwa na kichwa kidogo cheusi, na hurusha mbegu zake mbali, hata kufikia mita mbili, ili ziangukie kwenye majani ambayo ng'ombe atakula. Wataalamu wamegundua kwamba vijana vya minyoo ya mapafu ya ng'ombe hupanda juu ya kuvu hiyo na kurushwa pamoja na mbegu. Kwa hiyo mavi yanayokaa juu ya ardhi kwa muda mrefu huwa kituo cha kueneza minyoo malishoni. Yanayozikwa mapema huwa mbolea.

Wakati wa kiangazi, mbawakavu wakipungua, mchwa ndio hushika zamu. Mkazi yeyote aliyewahi kugeuza tonge kavu mwezi wa Februari ameona udongo wao chini yake.

Mwenye bawa fupi

Katika umati huo yupo mmoja ambaye wengi humwona bila kumtambua. Ni mwembamba na mrefu, na kwa haraka mtu hudhani ni sisimizi mkubwa au mtoto wa nge, kwa maana akiguswa huinua mkia. Lakini naye ni mbawakavu. Tofauti yake ni kwamba magamba yanayofunika mabawa ni mafupi sana, kama mtu mzima aliyevaa kizibao cha mtoto, na sehemu kubwa ya tumbo imebaki wazi. Chini ya magamba hayo mafupi kuna mabawa kamili yaliyokunjwa kwa ustadi, na anaweza kuruka vizuri.

Jamii yake ni mojawapo ya jamii kubwa kuliko zote katika ulimwengu wa wanyama. Wataalamu wamekwisha kuziandika na kuzipa majina aina zaidi ya 60,000. Wako wanaoishi chini ya magome ya miti, wako wa pwani chini ya mwani uliotupwa na bahari, na wako hata wanaoishi katikati ya siafu, wakafanana nao kwa umbo ili wasifukuzwe.

Wale wanaokuja kwenye mavi hawaji kula mavi. Huja kuwinda. Chakula chao ni mayai na mabuu ya nzi, na wepesi wao wa kupenya katika vijia vya ndani ya mavi huwafanya wawindaji wakali. Wako pia wenye mbinu ya kutisha zaidi. Mtoto wao, akiwa mdogo kabisa, hutafuta buu wa nzi aliyekwisha kujifungia katika ganda lake gumu akingoja kugeuka nzi. Hulitoboa ganda, akaingia, akamla mwenyeji polepole, kisha akakua humo humo. Ganda linapopasuka, anayetoka ni mbawakavu badala ya nzi.

Kwa mkazi wa Vanga maana yake ni nyepesi. Nzi wanaozaliwa katika kinyesi na uchafu ndio wanaotua kwenye samaki waliotandazwa, kwenye chungu cha wali na kwenye macho ya mtoto aliyelala. Wanabeba vijidudu vya kuhara. Kila buu anayeliwa zizini ni nzi mmoja aliyepungua katika nyumba ya jirani.

Ndugu yao anayeunguza

Hapa ni lazima kumtaja ndugu mmoja wa jamii hiyo ambaye sifa zake hazipendezi. Ni yule ambaye Kenya nzima humwita Nairobi flai. Jina limepotoka, kwa sababu si nzi, wala si wa Nairobi peke yake. Ni mbawakavu wa bawa fupi, mwenye kichwa cheusi, kifua chekundu, magamba ya mabawa yenye rangi ya buluu au kijani inayometa, na tumbo jekundu lenye ncha nyeusi.

Huyu haishi kwenye mavi. Hupenda udongo wenye unyevu, majani yanayooza na kando ya mashamba yenye maji, na idadi yake huongezeka sana baada ya mvua kubwa. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilileta wengi kiasi kwamba Wakenya wengi walijifunza jina lake wakati huo.

Haumi wala hachomi. Sumu imo ndani ya mwili wake, na hutoka tu anapopondwa juu ya ngozi. Watafiti wamegundua kwamba si mdudu mwenyewe anayeitengeneza, bali ni bakteria wanaoishi ndani ya mwili wa jike. Aliyempaka mwilini kwa kumpiga kofi hahisi kitu mara moja. Baada ya saa 12 hadi 48 ngozi huwa nyekundu, ikafanya malengelenge na kuunguza kama moto. Mkono wenye sumu ukigusa jicho, jicho huvimba.

Kwa sababu hupenda mwanga wa usiku, huingia nyumbani kupitia taa ya sebuleni, na huwafuata pia wenye taa za kuvulia na walinzi wanaokesha. Akitua mwilini asipondwe. Apulizwe, au aelekezwe kwenye karatasi na kutupwa mbali. Akiwa ameshapondwa, mahali hapo poshwe mara moja kwa maji na sabuni, na nguo zifuliwe. Dawa ya meno, mafuta ya taa na majivu havisaidii. Aliyeguswa jichoni aende kituo cha afya bila kuchelewa.

Pamoja na madhara hayo, naye ana upande wake mwema. Chakula chake ni wadudu wadogo, wakiwemo wanaoharibu mpunga na mimea mingine. Ndiyo maana kumwagia shamba zima sumu kwa sababu yake ni kumfukuza mlinzi pamoja na mwizi. Kuzima taa za nje zisizohitajika na kulala ndani ya chandarua, ambacho tayari kipo kwa ajili ya mbu, kunatosha katika nyumba nyingi.

Mafunzo kutoka Tsavo na Australia

Kwamba wadudu hawa wana nguvu kiasi gani, ushahidi mmoja uko jirani kabisa na Kwale. Katika miaka ya 1970 watafiti walihesabu mbawakavu waliofika kwenye kinyesi cha tembo katika mbuga ya Tsavo. Katika rundo moja la kilo moja na nusu walihesabu mbawakavu wapatao 16,000. Baada ya saa mbili rundo lote lilikuwa limeliwa, limezikwa au limeviringishwa na kupelekwa mbali. Huko huko Tsavo walichunguzwa pia mbawakavu wakubwa wanaozika mavi ya tembo chini kabisa ya ardhi na kuyafanya madonge ya kulelea watoto. Tembo wa Shimba Hills nao wanahudumiwa na jamii hiyo hiyo ya wadudu, na mbegu za miti ambazo tembo amezimeza huzikwa pamoja na mavi, zikapata pa kuota.

Ushahidi wa pili unatoka mbali, katika nchi iliyopata kuonja maisha bila wafanyakazi hawa. Ng'ombe walifika Australia kwa meli za Waingereza mwaka 1788. Mbawakavu wa huko walikuwa wamezoea vinyesi vikavu na vidogo vya kangaruu, na mavi mengi na laini ya ng'ombe hawakuyaweza. Matokeo yake, matonge yalikauka yakakaa malishoni kwa miezi na hata zaidi, majani yakafunikwa, na nzi wakazaliana kupita kiasi. Mtu akikaa nje kula, mkono mmoja ulikuwa na kazi ya kufukuza nzi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtaalamu wa wadudu aliyezaliwa Hungaria, George Bornemissza, alifika Australia na kujiuliza kwa nini malisho yalikuwa yamejaa mavi makavu kiasi kile, tofauti na kwao. Swali hilo lilizaa mradi wa shirika la utafiti la CSIRO, ambao kuanzia miaka ya 1960 hadi ya 1980 ulichukua mbawakavu kutoka Afrika na Ulaya na kuwapeleka Australia. Aina zaidi ya 20 zilikubali makao mapya. Nchi tajiri ilitumia miaka mingi na fedha nyingi kununua kile ambacho mfugaji wa Kwale amekirithi bure. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende.

Dawa moja, nyuso mbili

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Kitu kinachoweza kuufanya uwanja wa malisho wa Kwale ufanane na ule wa Australia ya zamani kinauzwa kwa chupa, na kwa nia njema kabisa.

Dawa ya ivermectin ilitokana na kijidudu cha udongo kilichopatikana Japani na mtaalamu Satoshi Ōmura, na ikafanyiwa kazi Marekani na William Campbell na wenzake. Iliingia sokoni kwa ajili ya mifugo mwaka 1981. Inaua minyoo ya tumbo, kupe wa baadhi ya aina, chawa na ukurutu. Baadaye ilionekana kuwafaa pia binadamu, hasa dhidi ya upofu wa mto na matende, na tangu mwaka 1987 imekuwa ikitolewa bure kwa mamilioni ya watu barani Afrika. Mwaka 2015 wataalamu hao wawili walipewa Tuzo ya Nobel.

Lakini ng'ombe aliyepewa dawa hiyo huitoa sehemu kubwa kupitia mavi, ikiwa bado ina nguvu. Mwaka 1987 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba mavi ya ng'ombe waliotibiwa kwa kidonge kinachotoa dawa polepole tumboni yalikaa bila kuoza, kwa sababu mbawakavu waliopaswa kuyavunja hawakuwemo. Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba hata kiasi kidogo, kisichomuua mbawakavu mzima, humpunguzia uwezo wa kunusa na kutembea, na watoto wake hufa kabla ya kukomaa. Mabuu wa nzi nao hufa, ni kweli. Lakini dawa ikiisha nguvu, nzi hurudi kwanza kwa kuwa huzaliana haraka. Mwindaji wake, anayezaa watoto wachache na kwa muda mrefu, hurudi mwisho.

Hali hiyo si ya dawa zote. Albendazole na levamisole, zinazotumika sana dhidi ya minyoo, zimeonekana kuwa na madhara madogo kwa mbawakavu wa mavi. Kwa upande mwingine, baadhi ya dawa za kuogeshea na za kumimina mgongoni kwa ajili ya kupe na ndorobo zinaweza kuwadhuru. Hakuna anayesema mfugaji aache kutibu. Ng'ombe mwenye minyoo hukonda, maziwa hupungua na ndama hufa. Linalosemwa ni kwamba dawa itumike inapohitajika, kwa mnyama anayeihitaji, na kwa kipimo sahihi.

Kwale, mbu na swali linalofuata

Wakazi wengi wa kaunti hii wanalikumbuka jina la BOHEMIA. Ulikuwa utafiti wa ivermectin dhidi ya malaria, uliofanyika Kwale kwa watu, si kwa mifugo, ukiongozwa na taasisi ya ISGlobal ya Barcelona pamoja na watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust na wengine, kwa ufadhili wa Unitaid. Walioshiriki walimeza dawa mara moja kwa mwezi kwa miezi mitatu mfululizo, mvua za vuli zilipoanza. Wengine walipewa albendazole ili kulinganisha. Mpango wake ulikuwa rahisi kueleza: mbu anayemuuma mtu aliyemeza ivermectin hunywa dawa pamoja na damu, akafa kabla ya kupeleka malaria kwa mtu mwingine.

Matokeo yalichapishwa Julai 2025 katika jarida la matibabu la New England Journal of Medicine. Zaidi ya watu 20,000 walihusika, na dozi zilizotolewa zilipita 56,000. Watoto wa miaka 5 hadi 15 katika maeneo yaliyopewa ivermectin walipata maambukizi mapya ya malaria pungufu kwa asilimia 26, wakilinganishwa na wenzao waliopewa albendazole. Hilo ni jambo la Kwale kujivunia. Damu iliyopimwa ilikuwa ya watoto wa Kwale, na wazazi wa Kwale ndio waliokubali.

Dawa iliyomezwa na binadamu mara tatu kwa mwaka haiishii katika malisho ya ng'ombe, hasa penye vyoo. Lakini wapo mbu wa malaria wanaouma ng'ombe kama wanavyouma watu, na kwa sababu hiyo wanasayansi wamekuwa wakilijadili wazo la kutibu mifugo pamoja na watu, ili mbu asipate pa kukimbilia. Hapo ndipo mizani inapotakiwa. Upande mmoja kuna mtoto mwenye homa. Upande wa pili kuna malisho, mbolea na nzi. Mtu mwenye busara hatautupa upande wowote. Atauliza: dawa ipi, kwa wanyama wangapi, mwezi gani, na mavi yake yataenda wapi? Wakazi wanaoijua kazi ya wadudu wa mavi wataweza kuyauliza maswali hayo siku mpango wowote wa namna hiyo utakapoletwa barazani, wala hawatakuwa wa kuitikia tu.

Vanga tayari ina uzoefu wa kupima mazingira yake. Katika mradi wa Vanga Blue Forest, watu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wanatunza hekta 460 za mikoko, na wamejifunza kwamba mti uliohesabiwa na kupimwa una sauti kubwa kuliko mti uliosifiwa kwa maneno. Kinachofanyika baharini kinawezekana pia zizini.

Kuchunguza kwa ndoo na chandarua

Elimu hii haihitaji maabara. Shule ya msingi, kikundi cha vijana au mfugaji mmoja anaweza kuifanya kwa njia tatu.

Ya kwanza ni ndoo ya maji. Tonge la mavi la siku moja huchotwa kwa jembe pamoja na udongo kidogo wa chini yake, likatumbukizwa katika ndoo ya maji na kukorogwa taratibu. Baada ya dakika chache mbawakavu huelea juu. Huhesabiwa, wakatenganishwa weusi wa kuviringisha na kuchimba na wale wembamba wa bawa fupi, kisha wakaachiwa.

Ya pili ni mtego wa kopo. Kopo huzikwa mdomo wake ukiwa sawa na ardhi, na juu yake huning'inizwa mavi mabichi yaliyofungwa katika kitambaa. Wadudu wanaofuata harufu huanguka ndani. Kopo likiwekwa jioni na kuangaliwa alfajiri huonyesha nani hufanya kazi usiku.

Ya tatu ndiyo inayosema zaidi. Matonge mawili mapya yanayolingana huwekwa mahali pamoja. Moja hufunikwa kwa kipande cha chandarua kuukuu, kingo zikafukiwa udongo wadudu wasiingie. Jingine huachwa wazi. Wakati wa mvua, baada ya wiki mbili tofauti itaonekana kwa macho. Mwenye kufanya hivyo kwa mavi ya ng'ombe aliyetibiwa na ya ambaye hakutibiwa atajifunza jambo kuhusu dawa yake ambalo halikuandikwa kwenye chupa.

Mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kazi hiyo, na mdudu mwenye rangi nyekundu na buluu asiguswe.

Ya kushika

Kwanza, afisa wa mifugo aulizwe kabla ya kununua dawa. Huduma za mifugo ni jukumu la kaunti kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010, na ushauri wa afisa ni haki ya mfugaji.

Pili, watibiwe wanyama wanaohitaji, badala ya zizi zima kwa mazoea. Kwa mbuzi na kondoo, rangi ya ndani ya kope huonyesha upungufu wa damu unaoletwa na minyoo: ikiwa nyekundu, mnyama yuko salama, ikiwa nyeupe, anahitaji dawa. Kutibu wote kila mara huwafanya minyoo nao wazoee dawa.

Tatu, uzito ukadiriwe vizuri na kipimo kifuatwe. Dozi pungufu haiponyi, na dozi kubwa huishia kwenye mavi.

Nne, inapowezekana dawa za jamii ya ivermectin zitumike kiangazi, mbawakavu wakiwa wachache, badala ya siku za kwanza za mvua wanapotoka kwa wingi kuzaa.

Tano, ng'ombe anayekamuliwa maziwa ya kunywa watu asidungwe ivermectin, na maelezo ya chupa kuhusu nyama yafuatwe, hasa kabla ya kuchinja kwa ajili ya Idi na harusi. Na dawa ya mifugo isimezwe na mtu kwa kisingizio cha malaria. Iliyotumika katika utafiti ilikuwa ya binadamu, na ilitolewa kwa kipimo na chini ya uangalizi.

Sita, samadi iliyolundikwa karibu na nyumba ifunikwe au ipelekwe shambani mapema. Lundo kubwa la zizini halina mbawakavu wa kulimaliza, na huko ndiko nzi wanakozaliwa.

Ndugu wakazi, uzima wa malisho ya Kwale haukutegemea dawa wala mashine tangu enzi za mababu. Ulitegemea wadudu ambao hakuna aliyewahi kuwashukuru. Kesho asubuhi zizi litakapofunguliwa, mwenye nafasi achukue kijiti, ageuze tonge moja, atazame. Akiwaona wengi wanakimbia huku na huku, ajue malisho yake yana afya. Asipomwona hata mmoja katikati ya masika, aende akamwulize afisa wa mifugo, na akumbuke alichodunga ng'ombe wake mwezi uliopita.